Nilimchoma mke wangu sindano ya ng'ombe, kisha nikamdanganya mfamasia

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Mke wangu aliponiomba nimchome dawa ya ng'ombe, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Haya yametokea nyumbani kwangu, nje kidogo ya Runzewe, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mfugaji, umri umeenda. Nilifika kidato cha nne, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuelewa. Chupa imeandikwa ni kwa matumizi ya mifugo tu. Niliisoma.

Kijijini kwetu ng'ombe akiumwa wananiita mimi. Nachoma sindano miaka mingi na watu wananiheshimu kwa hilo. Shikeni hapo, nitaparudia.

Mke wangu, Mama Masanja, alijikata mguu kwa jembe tukiwa shambani. Kidonda kikatunga usaha, mguu ukavimba. Nikamwambia twende zahanati.

Akanijibu, "Yule maksai wako wa pembe moja alivimba hivi hivi, ukamchoma akapona. Au unampenda kuliko mimi?"

Tukacheka. Nikaenda kufungua boksi la dawa. Ni ile nyeupe, ya kutikisa kwanza. Dozi nilikadiria kwa macho, nikamlinganisha na ndama mkubwa.

Tatizo likawa sindano, maana za ng'ombe ni nene mno. Nikaenda mjini famasi kwa Neema, mfamasia, binti wa umri wa wajukuu zangu.

"Shikamoo Baba Masanja. Mabomba ya sindano ni ya nini leo?"

"Marahaba. Ya ndama."

"Ndama wa sindano nyembamba hivi? Huyo kazaliwa leo?"

Watu dukani wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikalipa, nikaondoka.

Wakuu, kidonda kilipona. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kingegoma, tungekwenda hospitali. Kikapona, na kuanzia siku hiyo kila kitu kikawa sindano. Kikohozi, sindano. Homa, sindano. Kiuno, sindano. Yeye mwenyewe akawa anajisifia kwa majirani kwamba ana daktari ndani.

Kisha akaanza kusema masikio yanamlia. Kama karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, imewashwa mbali na haizimwi. Na akiinuka anayumba.

Nikarudi kwa Neema kutafuta dawa ya matone.

Akaniuliza, "Ametumia dawa gani karibuni? Ya hospitali, ya dukani, ya kienyeji, yoyote ile."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Wawili kati yao ng'ombe zao nawatibu mimi.

Nikasema, "Hakuna."

"Una uhakika, baba?"

"Binti, nimekuja famasi au kituo cha polisi?"

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akasema, "Matone sikuuzii, hayatamsaidia. Mpeleke hospitali wampime. Na kama kuna dawa yoyote anatumia, aache leo."

Aache leo. Niliyasikia vizuri, masikio yangu hayana shida.

Nilinunua matone duka la pili. Na sindano niliendelea, kwa sababu kikohozi kilikuwa kimerudi na chupa ilikuwa imeshafunguliwa, nikaona ni hasara kuitupa. Nasema kama ilivyokuwa.

Mlio ulikuja kukoma. Tukafurahi, tukidhani amepona. Kumbe ulikoma pamoja na kila kitu. Nilimwita akiwa anapepeta mchele, hakugeuka. Nikadhani amenuna.

Hospitali daktari aliuliza swali lile lile la Neema. Safari hii nilijibu, na jina la dawa nikataja. Akasema dawa hiyo ikirundikwa mwilini inaua mishipa ya kusikia, na ikishakufa hairudi. Tungeacha mlio ulipoanza, huenda kiasi fulani kingebaki.

Nilikwenda kumwambia Neema ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, ungeniita pembeni. Ningetoka nje tukaongea."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilichofikiria ni foleni.

Ninachowaomba: dawa ya mifugo iishie zizini. Mfamasia akikuuliza maswali hakupotezei muda, na anafanya kazi na majibu unayompa. Ukimpa uongo, umemfunga mikono. Ukiona aibu, mwite pembeni.

Wafugaji wenzangu mliomo humu, najua siko peke yangu, huku kwetu jambo hili si geni. Semeni na nyie mmeona nini. Mwenye kunitukana pia anitukane, nitasoma.

Asubuhi nikitoka zizini bado naita mlangoni "Mwangaluka, mayu", salamu yetu ya Kisukuma. Ni mazoea tu. Haitiki mtu. Mke wangu ni kiziwi, na aliyemfanya kiziwi ni mimi.