Sura ya Mwisho Ameikalia

Muuza vitabu wa Mtaa wa Kongo huikalia sura ya mwisho ya riwaya anayoazimisha, ile ya mauaji katika mji mdogo. Aliikata kwa wembe, akaifunga uzi, akaiweka chini ya mto wa kiti chake. Anayeitaka sharti aje mwenyewe, ainame, amnong'oneze anamshuku nani na kwa nini. Yeye husikiliza amefumba macho, kidole gumba kikisugua goti. Wateja humtania, "Mzee, muuaji ni wewe!" Hacheki.

Leo asubuhi Nasreen alifika akihema kutoka hospitali. "Shikamoo, mzee. Dada yangu anapasuliwa moyo saa sita. Anataka ajue mwisho kwanza."

"Marahaba. Anamshuku nani?"

"Kagoma kuniambia. Eti utaambiwa wewe tu."

Kidole kilisimama. Alizichomoa kurasa, akazitazama, akazirudisha chini ya mto.

"Mwambie sizitoi kwa mjumbe. Akishapona, aje aniambie mwenyewe."

Nasreen alifumbua mdomo amtukane, akauona mkono wa mzee ukiukandamiza mto. Mzee aliwageukia wateja waliopanga foleni nyuma yake. "Na nyinyi rudini makwenu. Hasomi mtu mpaka aje yeye."