Maziwa Kwenye Kiti cha Nyuma

Mdogo wangu aliomba gari langu kwa siku mbili ampeleke mama hospitali Kolandoto. Alisema mguu wa mama umevimba, hawezi kukanyaga. Sikumuuliza swali hata moja. Nilijaza mafuta nikampa funguo.

Alilirudisha Ijumaa. Nje lilikuwa limeoshwa linang'aa, na ndani alikuwa amepulizia manukato mpaka macho yakaniwasha. Nikajiambia kijana amekua, sasa ana adabu. Jumatatu, baada ya gari kushinda juani vioo vimefungwa, nilifungua mlango nikarudi nyuma hatua tatu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyooza.

Nilipompigia simu alisema labda mama alibeba maziwa ya mgando kwenye kikapu, yakamwagika kidogo.

Mimi nauza mashuka. Kila wiki napakia mzigo kwenye gari hilo Shinyanga nauteremsha Geita, kwenye nyumba za wageni wanakolala wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu. Wiki ile, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alifungua shuka la kwanza, akalinusa, akalikunja tena taratibu, kisha akanirudishia mzigo wote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Hapo nikaanza kuhangaika. Pale wanapoosha magari walielekeza bomba la maji kwenye viti mpaka sponji ikalowa yote. Baada ya siku mbili harufu ilikuwa imezidi, na ya ukungu juu yake. Nikanunua chupa ya povu la kusafishia viti, ghali, ina picha ya kiti cheupe kama theluji. Iliniachia duara jeupe kwenye kitambaa na harufu ya limao juu ya uozo. Mwenye mashine ya kufyonza uchafu, yeye alitaja bei kama vile viti vyangu vimefumwa kwa dhahabu. Nilimwacha anaongea.

Jumapili nikaenda kumwona mama. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza daktari wa Kolandoto alisemaje kuhusu mguu.

"Mguu gani?" mama akauliza.

Alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake miwili, mkononi ana jembe. Kolandoto hakuwa ameenda tangu mwaka jana. Alipoona uso wangu alianza kumtetea mwanawe, eti anahangaika kutafuta maisha, eti alipata mteja wa maziwa mjini na baiskeli yake haiwezi madumu. Kumbe alijua. Niliondoka bila kunywa hata maji, na mama hajanisamehe kwa hilo.

Aliyenisaidia ni fundi wa makochi karibu na soko. Aligusa kiti, akaniambia niache kumwagamwaga vitu juu ya kitambaa, kwa sababu uozo uko ndani ya sponji. Kazi yake ilikuwa kufungua boliti, kutoa viti nje, kuvua kitambaa na kukifua kwa sabuni ya unga, kuikamua sponji mara kadhaa kwenye maji yenye siki, kisha kuanika kila kitu mpaka kikauke kabisa. Bei yake haikufika hata ile ya chupa ya povu. Nilimwambia nakubali, ila atakayekamua sponji namleta mwenyewe.

Mdogo wangu alikuja. Aliniamkia, nikaitikia kwa shingo upande. Alikunja suruali akakamua asubuhi nzima, maji yakitoka ya kijivu, yananuka mpaka mafundi wa jirani wakahama kivuli. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama. Nilimwambia kila nilichokuwa nacho moyoni, hasa kwamba alimtia mama ugonjwa asiokuwa nao.

Alikamua sponji mara nyingine. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Dada, ningekuomba gari la kubebea maziwa, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi."

Akaendelea kukamua.

Viti vilikauka siku ya tatu. Niliinamisha pua kila mahali, sikusikia kitu, na wiki iliyofuata yule mama wa Geita akachukua mashuka yake yote. Lakini nilipokuwa narudi peke yangu, gari likiwa safi, nilikuwa bado na hasira, na sikuweza tena kusema kwa hakika namkasirikia nani.