Jina la mwanangu ndilo lililoniambia baba mkwe amekufa

Admin, naomba ufiche jina langu, na hata saluni usiitaje, maana hapa Rosettenville sisi wahamiaji tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, Mkongomani wa Lubumbashi, nasuka nywele. Naishi na mwanaume Mnaijeria, Myoruba, fundi cherehani, huu mwaka wa tano. Hanipigi, halewi, na akipika wali wake ule wa pilipili majirani wanakohoa. Nayasema haya mapema ili msikimbilie kuandika "achana naye dada" kabla hamjafika mwisho.

Shida yetu ilikuwa mahari. Papa wangu ni mtu wa zamani. Anasema mahari haitumwi kwa simu kama vocha. Mzee anakuja, mzee mwenzake anampokea, wanakula bukari, ule ugali wetu, pamoja, ndipo binti anaitwa mke wa mtu. Bila hivyo mtoto nitakayemzaa ni wa ukoo wetu sisi, na wanaweza kuja kumchukua. Mume wangu alikubali, akasema baba yake mwenyewe atatoka Ibadan aende Lubumbashi. Na huyo mzee nilikuwa naongea naye kwenye simu. Kiingereza chake kilinishinda, changu kilimshinda, tukawa tunacheka tu. Ananiita "mke wangu", ndivyo kwao wanavyomwita mke wa mtoto. Nilimpenda jamani. Halafu simu zikakatika. Nikiuliza, naambiwa masikio ya mzee yamekuwa mazito, hawezi tena simu, lakini anakusalimia sana. Nami zile salamu nazipeleka kwa Papa hivyo hivyo.

Mwaka jana nikajifungua mtoto wa kiume. Kwao mtoto anapewa jina wiki moja baadaye, wanamlambisha asali na chumvi kidogo, wazee wanaomba. Mume wangu akasema ataitwa Babatunde. Sikuuliza maana. Uulize nini, wakati jina lenyewe limejaa mji mzima? Kanisani kwao ukiita "Tunde!", ndicho kifupi chake, wanageuka wanaume watatu, na mpiga ngoma naye. Anayetuuzia viazi vikuu ni Tunde, aliyenitengenezea simu ni Tunde. Nikajua ni jina la kawaida tu, kama kwetu akina Jean. Siku ile mume wangu alilia mpaka shati likalowa, na wanawake wa kanisa wakanikumbatia mmoja mmoja wakisema maneno ya kwao. Nikasema moyoni, hawa watu wanapenda watoto kweli.

Mwezi uliopita akaja mteja, mama wa Kiyoruba, nikawa namsuka mistari. Mtoto akalia, nikambembeleza kwa jina lake. Yule mama akaniambia, "Pole mwanangu. Baba mkwe wako alifariki lini?"

Nikacheka. "Afariki wapi? Jumapili hii alinisalimia."

Akageuka kunitazama. "Basi ni baba yako wewe."

"Papa wangu yuko Lubumbashi, anagombana na majirani!"

Ndipo akanieleza, huku nimeshika nywele zake. Babatunde maana yake baba amerudi. Babu akiwa hai, kwao hawampi mtoto jina hilo. Anapewa mvulana anayezaliwa babu akishakufa. Alipoona uso wangu akajaribu kurekebisha, "Labda nyie mmeliweka kwa kulipenda tu." Eish. Niliziachia nywele zake. Yule mama alitoka saluni na kichwa nusu, nilimwomba arudi kesho yake.

Mume wangu aliporudi kazini nilimuuliza swali moja, "Baba yuko wapi?" Hakubisha. Alikaa chini sakafuni. Kumbe mzee alifariki nikiwa na mimba changa. Yeye hakwenda kuzika kwa sababu karatasi zake za kuishi huku zilikuwa hazijatoka. Na baba zake wadogo wakamwambia wazi kwamba aliyemkubali Mkongomani ni marehemu, wao hawaendi kokote, atafute binti wa nyumbani. Akaogopa Papa akijua hakuna mzee wa kuja, atanirudisha nyumbani na mtoto wangu.

Nikamuuliza, "Sasa kama ulitaka kunificha, kwa nini ukampa jina hilo?"

Akasema, "Wewe niliweza kukuficha. Baba yangu je? Amerudi nyumbani kwangu, nimwite jina la mtu mwingine?"

Nilikuwa na hasira ya kuvunja sahani, lakini hapo nilikaa naye sakafuni. Tukalia wote wawili. Mzee aliyeniita mke wake amezikwa, nami nilikuwa nacheka tu saluni.

Sasa sikieni balaa lenyewe. Papa anaumwa moyo, na kaka zangu wanasema kinachomshikilia ni kumngoja mkwe mwenzake. Mume wangu, karatasi zimeshatoka, ametafuta mzee mmoja wa kanisani kwao, anakaa Turffontein, mtaa wa jirani, waende naye Lubumbashi ajifanye ndiye baba. Na mzee wa watu amekubali! Ameshashonewa na ile kanzu yao kubwa. Mume wangu ananiambia, "Papa atafurahi, nani atajua?" Mimi nitajua. Nikisema ukweli, Papa ataagiza mtoto apelekwe kwetu Lubumbashi, na habari yenyewe inaweza kummaliza. Nikinyamaza, Papa atabariki ndoa yangu mikononi mwa mtu asiyemjua, mbele ya ukoo mzima, na mimi nimekaa pembeni nimevaa kitenge kipya. Sina wa kumwambia. Kaka zangu ni moto wa petroli, na mchungaji wetu siri haimkai.

Jana Papa alinipigia mwenyewe. Nikafungua mdomo niseme. Akaniwahi, sauti imekwisha kabisa:

"Mwanangu, leo nimekaa. Nimekaa kitandani bila kushikwa. Najizoeza, sitaki mzee mwenzangu anikute nimelala."

Nikasema, "Vizuri, Papa." Basi, hilo tu ndilo lililonitoka.

Tunaondoka wiki ijayo. Ndugu zangu mnaosoma hapa, matusi nitayavumilia, lakini mnipe na neno la kushika. Nimwambie baba yangu, au nimwache akae?