Kura Ambayo Hakuiomba

Habari za msiba zilinikuta Geita mjini wiki iliyopita: yule mama muuza dagaa, mwenyekiti wa kitongoji chetu hapa Nkome, amefariki kwa maradhi. Nimesikitika, na nimeona aibu pia, kwa sababu mara ya kwanza alipogombea akashindwa, ushauri uliomponza ulikuwa wangu.

Nilimwambia awafuate wavuvi. "Wanawake tayari ni wako," nilisema, kwa ule ujuaji wetu sisi watu wa kalamu. Akanisikiliza. Kila asubuhi aliwapita wasichana wanaoanika dagaa kwenye vichanja, akawapungia mkono, akaenda kuomba kura kwa wanaume waliokuwa wakishusha mzigo. Mpinzani wake, mwanamume mpole, alisimama pale vichanjani, akasalimia mmoja mmoja, akasikiliza malalamiko yao kuhusu choo cha wanawake pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kilichofungwa kwa kufuli miezi mingi. Kura zilipohesabiwa, wanawake wengi walikuwa wamempa huyo mpinzani.

Watu wakaja na wimbo ule ule, kwamba wanawake hawapendani. Nusura niuandike katika safu hii. Mama yule akaamua kwenda kuwauliza wenyewe, nami nikamfuata. Binti mmoja alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma, huku akiendelea kugeuza dagaa: "Shikamoo, mayu. Mimi nilitaka kukupa, lakini hukuniomba. Ulidhani kwa kuwa sote tunavaa gauni, kura yangu umeshaishika?"

"Marahaba, mwanangu," alisema. Nilitegemea ajitetee. Badala yake aliweka mkoba chini, akaanza kugeuza dagaa pamoja nao, akiuliza habari za choo. Uchaguzi uliofuata alianzia hapo, akashinda, na kufuli likaondolewa. Tangu hapo nimeacha kuwazungumzia wasichana hawa kana kwamba ni fungu moja la kubebwa kapuni. Mgombea mwanamke wanampima kama wanavyompima mwanamume, pengine kwa jicho kali zaidi, maana wanategemea ayajue ya kwao.

Juzi, tulipoanua tanga la marehemu, binti yule yule, sasa mama wa watoto wawili, alinivuta pembeni. Anataka kugombea kiti kilichobaki wazi. Nilifungua mdomo nimshauri, nikaufunga, nikamuuliza tu ameongea na nani.

"Vichanjani nimeshapita kwa kila mmoja, baba. Sasa nimekuja kwako. Naomba kura yako."

Nilikuwa nimeshaamua kumpa hata kabla hajasema. Lakini sikujua, mpaka dakika ile, jinsi mtu anavyojisikia kuwa mtu anapoombwa.