Petroli Katika Tangi la Spiriti

Watu walimwita Sikio. Ungempelekea gari bovu, angekwambia uliwashe, angeinamisha kichwa kama anayenong'onezwa umbea, na kabla hujamaliza kueleza angekuwa ameshajua plagi ipi imechoka. Gereji yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati. Wateja wageni waliingia wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye, mwanamke mwembamba ndani ya ovaroli, hujibu, "Unamkanyagia waya."

Alitengeneza pia magari ya mashindano, na dereva wa moja lao alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, mtoto huyo alikuwa bado analala na kidole mdomoni. Sikio akamlea, akamsomesha, na mara ya kwanza aliposhika usukani ni yeye aliyemwekea mto ili aone mbele. Mtaani walimwita Kishada, maana kutulia hakujui.

Gari hilo lilikuwa la muuza matairi, mtu wa maneno machache, aliyetaka lishindane kwa mafuta ya mchanganyiko: spiriti ya miwa kwa wingi, petroli kidogo. Sikio hakuwahi kuipenda kazi yoyote kiasi kile. Injini huinywa spiriti kwa fujo kuliko petroli, kwa hiyo akafunga nozeli kubwa za kupulizia mafuta na pampu yenye nguvu. Lakini spiriti nayo ina heri yake: hupoza injini, na huvumilia kugandamizwa bila kulipuka ovyo. Basi akaunganisha kompyuta yake na ya gari, akawa anaiwahisha cheche ya plagi kidogo kidogo, anasikiliza, anarudi nyuma, anajaribu tena, hadi injini ikavuma sauti moja isiyo na kikohozi.

"Sikiliza, mdogo wangu," alimwambia. "Nimeifikisha ukingoni. Kwa mafuta haya ni simba. Ukitia petroli ya kituoni, cheche itakuwa imewahi mno, pistoni zitapasuka. Umenielewa?"

"Dada nawe! Kwani mimi mtoto?"

Siku ya mashindano Sikio alisimama kwenye uzio na chupa ya maji ya kumpa mdogo wake akimaliza. Gari lilitoka kama mshale. Lilipopita mbele yake mara ya pili, akasikia mlio kama kokoto ndani ya debe. Akapunga mikono, "Simama! Simama!" Nani amsikie? Moshi mweusi ukatangulia, kikafuata kishindo, na oili ikamwagika barabarani.

Kishada akatoka mzima. Sikio akakimbia, akipenya katikati ya watu, na kabla hajamfikia akamsikia akimwambia muuza matairi:

"Nilimwonya dada kwamba ameivuta mno hiyo injini. Hakutaka kusikia."

Sikio akasimama, chupa mkononi. Muuza matairi akamgeukia. "Ni kweli, fundi?"

Akamtazama mdogo wake, akingoja aseme kwamba amekosea, kwamba ni hofu tu. Kishada alikuwa anavitazama viatu vyake. Sikio akageuka, akaondoka na chupa yake.

Kesho yake akavuta mafuta kidogo kutoka kwenye tangi la gari, lililokuwa limevutwa hadi gereji, akayatia katika chupa nyembamba yenye maji chini, akatikisa, akaiacha itulie. Spiriti hukimbilia maji. Kama ipo kwa wingi, mstari wa maji hupanda sana. Huu ulisogea unywele tu. Kishada alipoingia, akamkuta bado anautazama.

"Ulitia petroli."

"Nililichukua gari juzi, nikazunguka nalo na marafiki. Mafuta yakaisha. Nikaona nikijaza tu…"

"Ungeniambia. Ningeirudisha cheche nyuma. Usingeshinda, lakini ungemaliza."

"Ungenigombeza."

"Ningekugombeza. Halafu?"

"Kulikuwa na timu kubwa imekuja kutafuta dereva, walikuwa wanatazama, dada. Dereva aliyeua injini nani atamchukua? Wewe fundi, lako watalisahau. Halafu nilijua hutaniumbua."

Hilo ndilo lililomchoma. Uoga angeusamehe. Lakini kijana alikuwa ameupima upendo wa dada yake, akauona unatosha kubebeshwa lawama.

"Twende ukamwambie mwenye gari."

"Kesho."

Kesho hiyo haikufika. Timu kubwa ikamchukua, naye akahama bila kuaga. Sikio akaenda peke yake kwa muuza matairi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akahema. "Ungesema pale pale ningekuamini, fundi. Sasa dereva ameshaondoka, na injini nimeipeleka kwingine."

Wateja wakapungua. Waliomjua hawakukatika, ila magari ya mashindano hayakuja tena. Alitengeneza pikipiki na vigari vya familia, akarudi nyumbani mapema kuliko zamani.

Shangazi yao akaja kusuluhisha. "Mchuma janga hula na wa kwao, mwanangu. Damu ni damu."

"Ndiyo, shangazi. Mtu baki asingeniweza hivi."

Akaingia chumba cha Kishada, akatoa nguo alizoziacha. Alikuwa ameshazifua na kuzipiga pasi, hata soksi kazikunja jozi kwa jozi. Akazipanga kwenye begi, akavuta zipu, akamkabidhi shangazi.

"Mpelekee. Na mwambie asiache kula asubuhi, huwa anaumwa tumbo."

"Nimwambie arudi lini?"

Sikio akafunga mlango wa kile chumba, akaenda kumchemshia shangazi chai.