Sauti ya Mwenye Darubini

Taimi Haapala hakuwa mtu wa bunduki. Mumewe Urho ndiye aliyekuwa na wazimu huo, na alipofariki, vijana wa ukoo walikuja wakazibeba bunduki zake zote hata maua ya kaburini hayajanyauka. Taimi hakuwagombeza. Alikuwa na kazi yake ya kuendesha basi la shule, alikuwa na sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, nyuma ya nyumba, na alikuwa na Waino Perala.

Huyu Waino alikuwa rafiki wa Urho tangu walipokuwa wakishuka mgodini pamoja, ujana wao. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Ndiye aliyekuja kumwondolea Taimi theluji mlangoni majira ya baridi ya kwanza ya ujane wake, bila kuitwa, na hakuwahi kumwita jina lingine ila shemeji. Kule kaskazini mwa Michigan, ambako kati ya nyumba na nyumba kuna msitu mzima, mtu wa namna hiyo unamshikilia kwa mikono miwili.

Waino akaona upweke unamla mwenzake.

"Shemeji, utaitazama hiyo televisheni mpaka lini? Jumamosi njoo uwanja wa shabaha. Tunatoboa makaratasi, tunakunywa kahawa, tunasengenya watu. Hakuna anayekufa."

"Na bunduki niitoe wapi? Wale vijana wamebeba mpaka matambara ya kusafishia."

"Kwa Salmela. Ameletewa masanduku ya bunduki kuukuu za jeshi la Warusi. Bei yake hainunui hata jozi ya viatu vya theluji."

Miaka ile dola ya Warusi ilikuwa imesambaratika na maghala yake yamefunguliwa kwa kila mwenye chochote mfukoni, kwa hiyo silaha za vita vya mababu zilifika hata kwa muuza misumari. Salmela alizisimamisha nyuma ya duka lake, zimepakwa grisi nzito ya rangi ya asali iliyoungua, zinanuka. Wapiga shabaha wasio na fedha za kuchezea walizipenda. Ni imara, hazina mikogo, na risasi zake zilikuwa za bei ya chini.

Waino akachagua kwanza, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Akagonga vitako, akachungulia, akaguna, mwishowe akakamata moja yenye mti mwekundu mzuri. Taimi akachukua iliyokuwa pembeni, nyeusi kwa uchafu, imekwaruzwa kila mahali.

"Hiyo ilikwenda vitani ikapigwa," Waino akamtania.

"Basi tumefanana. Tutaelewana."

Grisi ile haitoki kwa kitambaa. Wengine huimwagia maji ya moto, wengine petroli, lakini watu wenye asili ya Ufini, kama Taimi na Waino, wana sauna, na wao huamini hakuna kitu sauna isichokiweza. Taimi akailaza bunduki kwenye benchi la juu, akakoleza moto, akakaa nayo amejifunga taulo, yeye akitoka jasho na bunduki ikitoka grisi. Sauna ilinuka mpaka majira ya kuchipua. Lakini uchafu ulipokwisha, ndani ya mtutu mlikuwa safi kabisa, na juu yake zikaonekana herufi mbili ndani ya kijisanduku, muhuri wa jeshi la Ufini. Kumbe bunduki ile ilitekwa kwa Warusi, mafundi wa Kifini wakaitia mtutu mpya, ikarudishwa vitani kuwapiga wenyewe walioitengeneza, mpaka nao wakaiteka tena. Kwa watu ambao babu zao waliondoka Ufini na sanduku moja la nguo, muhuri ule si kitu kidogo.

Waino alipoonyeshwa, kipande cha mkate wa iliki kilimganda mkononi. Ile ya kwake, pamoja na mti wake mzuri, mtutu ulikuwa umeliwa na kutu.

"Tubadilishane," akasema akicheka.

"Thubutu! Wewe si ndiye uliyechagua wa kwanza?"

Wakacheka wote wawili, Taimi zaidi, na hakuona kwamba mwenzake aliacha kucheka mapema.

Bunduki hizi hazina darubini juu. Unalenga kwa jicho lako tu, na kwa umbali wa hatua mia tundu la risasi kwenye karatasi halionekani. Ndiyo maana watu huenda wawili wawili. Mmoja analala apige, mwenzake anakaa pembeni na darubini ya miguu mitatu, anaita: kushoto, chini, katikati. Mpigaji akiambiwa kushoto, anasogeza shabaha yake kulia. Mwisho wa zamu mwitaji ndiye anayekwenda kubandua karatasi, na zote huishia kwenye jiko la kibandani, watu waote moto. Sauti ya mwenye darubini haipingwi pale uwanjani. Kusema "ngoja nikaangalie mwenyewe" ni kumwita mwenzako mwongo mbele ya watu, na kuna familia kule ambazo hazisalimiani mpaka leo kwa sababu ya neno hilo.

Taimi alikuwa akiitiwa na Waino. Mwanzoni ilikuwa katikati, katikati, mpaka watu wakaanza kugeuka kumwangalia huyu mama wa basi. Kisha, kiangazi kilipoingia, sauti ikabadilika.

"Kushoto, shemeji."

Akasogeza.

"Sasa umevuka kulia, nje kabisa."

Akarudisha.

"Hiyo sijui hata imeangukia wapi. Labda imeua kindi."

Kadiri alivyojisahihisha ndivyo alivyoambiwa ameharibu. Akabadilisha risasi, akaacha kahawa, akajifunza kupumua upya. Hakuna kilichosaidia. Siku moja Waino akamshika bega.

"Shemeji, nikikwambia kitu hutanikasirikia?"

"Sema."

"Macho."

Mama mzazi wa Taimi alikufa kipofu, na Waino alilijua hilo vizuri, kwa kuwa alikula mezani kwa yule bibi miaka chungu nzima. Daktari wa macho alikuwepo mjini Marquette, lakini Taimi hakwenda. Aliogopa kuambiwa. Usiku alikuwa akitazama taa, anaziba jicho moja, anaziba la pili, na mwanga ukimchezea kidogo tu anajua ndiyo hiyo imeanza.

"Na unabeba watoto wa watu," Waino akaongeza, taratibu, kama mtu anayeumia. "Ningekuwa adui yako ningenyamaza."

Hapo ndipo alipommaliza. Kabla shule hazijafunguliwa Taimi alirudisha funguo za basi. Waliokuwa wakipanda basi lake utotoni na mabegi mgongoni sasa walikuwa wakimletea watoto wao kituoni, naye hakuwahi kulitia basi mtaroni, barafu iwe nene namna gani. Ofisini alisema amechoka. Kisha akaenda kukaa ndani ya basi tupu, akalia, na alipomaliza kulia akafagia sakafu, kwa sababu hakutaka dereva mpya alikute chafu.

Majani yalipokwisha mitini, Waino akaleta neno jingine. Bunduki ile itaozea ukutani, alisema. Amuuzie yeye, ibaki kwa watu wa Urho, naye atampa zaidi ya alicholipa kwa Salmela. Taimi akaona ni wema. Wakakubaliana aje Jumapili kuichukua.

Siku mbili kabla, akaenda nayo uwanjani kuiaga. Hapakuwa na mtu. Akalala kwenye mkeka, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia asogee kushoto wala kulia, alilenga katikati kila mara na kujiambia ziangukie zitakakoangukia. Halafu, kwa kuwa hakuna wa kumletea karatasi, akaifuata mwenyewe.

Matundu yote yalikuwa katikati. Kikombe cha kahawa kingeyafunika.

Akadhani amebahatisha. Akabandika karatasi nyingine, akapiga, akaenda tena. Ni yale yale. Akasimama pale baridini akizikumbuka sauti za kiangazi kizima, moja moja, na kila aliyoikumbuka ilimchoma upya. Macho yake hayakuwa na kasoro. Aliyeharibika ni mtu.

Jumapili Waino akafika na bahasha, na maandazi ya nyama yaliyookwa na mkewe.

"Twende mara ya mwisho, uniitie," Taimi akamwambia.

"Ya nini kujitesa, shemeji?"

"Nataka kuiaga."

Wakapanda gari la Taimi, Taimi akishika usukani. Njia ya msituni ina kona nyingi, na asubuhi ile ilikuwa imeganda. Waino akajiegemeza, akashusha kofia usoni, akasinzia. Taimi akamtazama kwa pembe ya jicho. Nani anayesinzia kando ya dereva asiyeona?

Uwanjani akalala, akalenga katikati. Ndani ya moyo wake alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mtu huyu aseme kweli. Akisema kweli hata mara moja, atamsamehe, na Jumamosi zitaendelea. Akafyatua.

"Kushoto," Waino akaita. "Chini kidogo."

Akafyatua tena, pale pale.

"Nje, shemeji. Pole."

Taimi akafunga macho, akayafungua. Akafyatua ya mwisho.

"Hiyo hata sikuiona. Basi, inatosha, utajiumiza. Kaa hapo nikalete karatasi."

"Kaa wewe."

Alikwisha kuinuka, anatembea. Waino akamfuata akiteleza kwenye barafu. "Shemeji! Shemeji, njia mbaya, utaanguka!" Taimi hakugeuka. Walipofika wakasimama mbele ya karatasi, wote wawili, wakayaangalia yale matundu matatu yaliyobanana katikati.

"Taimi," Waino akasema.

"Miaka yote hukuwahi kuniita hivyo. Niite shemeji. Mwambie shemeji yako ulichomfanyia."

"Ni ule muhuri. Kaka wa baba yangu alibaki kule Ufini, akafa akipigana na Warusi. Halafu ije mikononi mwako wewe, usiyejua hata... Nilitaka bunduki tu. Sikujua utaacha basi. Naapa."

"Na ulipojua?"

Waino akavua kofia, akaivaa tena.

"Siku ya kurudisha funguo ulinisindikiza," Taimi akasema. "Ulinishika mkono kwenye ngazi za ofisi nisije nikajikwaa. Nikakushukuru, Waino. Nilikushukuru! Ungeniambia lini? Nikishanunua fimbo nyeupe?"

"Nitakwenda shuleni niwaeleze. Kesho. Turudi nyumbani kwanza, tukae na mke wangu, tuongee."

Taimi akabandua karatasi, akaikunja, akairudia bunduki yake, akaitia garini. Waino alipoukaribia mlango wa upande wake akaukuta umefungwa.

"Ni mbali, Taimi. Na baridi hii?"

"Mimi sioni," Taimi akamjibu kupitia dirisha. "Umeniambia mwenyewe. Siwezi kubeba mtu."

Akaondoa gari. Kwenye kioo alimwona vizuri sana, mpaka kifungo kilichokatika kwenye koti, mpaka mvuke wa pumzi yake, mpaka midomo inayoita shemeji. Baada ya kona ya kwanza machozi yakamjaa, akawa haoni barabara wala mti, ikabidi asimamishe gari.