Gemu Zilizofunguka Bila Diski

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika mtaani. Watu walimwita Komeo, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi wa kufuli: anachonga funguo, anawafungulia milango waliojifungia nje, anabadilisha vitasa vya waliogombana. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, kinamtosha mtu mmoja na mashine moja, na mlango wake ulining'inizwa kufuli nyingi kuliko mlango wa benki. Bawaba za mlango wenyewe zilikuwa mbovu. Mtoto angeweza kuusukuma kwa bega ukaanguka na kufuli zake zote, lakini nani angemwambia?

Tusimcheke sana lakini. Kazi yake ilimfundisha upande mmoja tu wa binadamu. Mtu anayekaa miaka akisikiliza kwa nini watu wanabadilisha vitasa, huyu mumewe kakimbia, yule mtoto wa kaka kauza televisheni, mwisho haamini hata kivuli chake. Tena ujanani aliwahi kununua simu mpya kwenye boksi lake, nailoni juu haijaguswa, akafika nyumbani akakuta kipande cha sabuni ya kufulia. Tangu hapo hanunui kitu bila kukifungua mbele ya muuzaji. Hata dawa ya meno anaifungua kifuniko palepale dukani na kuichungulia, na wauzaji wameshamzoea.

Starehe yake ilikuwa moja: gemu za kompyuta. Hanywi, hachezi karata, mpira hana habari nao. Akitoka kazini, akishaoga na kula, anakaa mbele ya kompyuta yake sebuleni na kuendesha lori. Lori refu, mzigo nyuma, mvua inapiga kioo, barabara haiishi. Mke wake, muuzaji wa duka la dawa, alikuwa akimpitia nyuma na kikombe cha chai na kumwambia, "Dereva, punguza mwendo, kuna kona." Naye Komeo, mtu ambaye hacheki ovyo, hapo alikuwa anacheka.

Gemu zake zote alizinunua zikiwa kwenye boksi, diski ndani, baada ya kulifungua boksi kaunta na kuigeuza diski kwenye mwanga. Za mtandaoni hakutaka hata kuzisikia. Kompyuta yake ilipokufa akanunua nyingine, na hiyo mpya haikuwa hata na mahali pa kuingizia diski. Alimtolea muuzaji macho kama mtu aliyeuziwa nyumba isiyo na mlango, kisha akaenda kununua kisomea diski cha pembeni, cha waya, akakichomeka. Diski zenyewe zilikaa kwenye kabati la chuma alilochomelea mwenyewe, kufuli juu na chini, funguo kiunoni kwake mchana na usiku.

Kaka wa mke wake, kijana wa kuhariri video za harusi, alikuwa mtu wa mtandaoni tupu. Kila akija kula kwao walirudia ugomvi uleule.

"Shemeji, unahangaika bure," kijana alisema. "Mimi nanunua nikiwa nimelala kitandani. Bei inashuka, nabonyeza, inapakuliwa. Hata nyumba ikiungua, gemu zangu zipo."

"Zipo wapi?"

"Kwenye akaunti."

"Akaunti iko wapi? Nionyeshe niishike." Komeo aliweka kijiko chini. "Wewe hujauziwa gemu, kijana. Umeuziwa ruhusa. Siku wakinuna huko waliko, wanakufungia, na huna pa kwenda kulalamika. Mimi hii diski nani atanifungia?"

"Hakuna, shemeji. Hata mwenyewe ukipoteza funguo hufungui."

Mke alicheka mpaka akapaliwa, na Komeo akamtazama kwa jicho la pembeni. Kwa nini amecheka sana hivyo? Ndivyo alivyokuwa. Kicheko cha mkewe mwenyewe alikigeuza kwenye mwanga kama diski.

Mambo yalianza kuharibika Jumapili moja, kwa kitu kidogo sana. Alichomeka diski ya malori, akabonyeza alama ya gemu, akakaa kusubiri. Kwa kawaida kisomea diski huunguruma kwanza, kikatulia, ndipo gemu inafunguka. Siku hiyo, nyumba ikiwa kimya kuliko kawaida, aligundua kwamba gemu imefunguka upesi, huku kisomea kikiendelea kuhangaika na kutetemeka mezani, kisha kikanyamaza kabisa. Mtu mwingine asingejali. Lakini Komeo maisha yake yote yalikuwa kusikiliza vyuma vinavyogusana ndani ya kitasa, na masikio yake yakamwambia hapa kuna namna. Akaitoa diski. Lori likaendelea kwenda.

Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akafungua gemu bila kuweka diski yoyote. Ikafunguka, tena na lori lake likiwa palepale alipoliegesha jana. Kwake yeye huo ulikuwa mlango unaofunguka kabla ufunguo haujaingia, na mlango wa namna hiyo umeshachezewa na mtu.

Aliliendea kabati. Kufuli zote mbili zilikuwa nzima, hazina hata mkwaruzo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana kufuli isiyo na mkwaruzo imefunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwake. Nani anafika kiunoni kwake akiwa amelala fofofo? Alijua jinsi ufunguo unavyokandamizwa kwenye sabuni na kuchongwa mwingine mfano wake. Akatoa diski nyingine, akaijaribu. Kisomea kikatetemeka, kikakata tamaa. Nyingine, vilevile. Rafu nzima, hakuna hata moja iliyosomeka.

Basi akapiga hesabu yake, na akaiona imekaa sawa kabisa. Diski zake halisi zimeuzwa. Hizi ni za bandia, zimewekwa zimdanganye macho. Na aliyechezea kompyuta ili asigundue ni mtu anayejua kompyuta, na anayejua kompyuta katika familia hii ni mmoja tu.

Alijitia hamnazo, akala, akaaga usingizi mwema. Lakini akaanza kuvizia, na anayevizia hakosi cha kuona. Aliona kwamba mkewe anainamia simu kila baada ya chakula. Aliona kwamba siku akisema, "Wiki ijayo nitarudi kwenye ile ya ndege," mkewe anauliza kwa upole, "Ile ya ndege, siyo?" na baadaye anatoka nje kupiga simu. Zamani angeuona huo kuwa upendo. Sasa kila neno tamu la mkewe alilisikia kama mafuta anayopakwa kwa mgongo wa chupa. Chai akawa anaiacha ipoe.

Kisha asubuhi moja, mke akiwa bafuni, simu yake iliwaka mezani. Komeo hakuigusa. Alisimama tu juu yake, mikono nyuma, akasoma. Ulikuwa ujumbe wa shemeji: "Ya ndege imeshuka. Bado ile ya vita. Mwambie asiguse kompyuta mpaka jioni. Komeo asijue."

Komeo asijue! Na mkewe, aliyekuwa analala naye kitanda kimoja, alikuwa amemaliza miaka yote hiyo bila kumwita jina hilo hata mara moja; kumbe pembeni, na kaka yake, ndilo wanalomwita. Moyo ulimuuma Komeo kwelikweli, usidhani hakuwa nao. Alikuwa anampenda mke wake. Ndiyo maana hasira yake ilikwenda mbali kuliko akili yake. Alimsubiri aende kazini, akaenda kibandani, akachagua kitasa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, kile alichokuwa akiwaonyesha wateja wenye uwezo, akarudi nacho. Kabla ya mchana alikuwa amekitoa cha zamani na kufunga kipya kwenye mlango wa mbele wa nyumba yao. Kilikuja na ufunguo mmoja. Aliuvisha kwenye mnyororo wa kiunoni, akakaa sebuleni kusubiri.

Mke alirudi jua likiwa bado linawaka. Komeo alisikia hatua zake, akasimama nyuma ya mlango, jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Ufunguo uliingia, ukakataa kuzunguka. Mke akauchomoa, akautazama. Akaufuta kwenye gauni lake, akaujaribu tena taratibu. Ukagoma. Akauleta karibu na macho, akakuna meno ya ufunguo kwa ukucha, kisha akagonga.

"Mume wangu, upo? Ufunguo wangu umeharibika. Nifungulie, uniangalizie."

Mke hakuushuku mlango. Wala hakumshuku aliyeko nyuma ya mlango. Komeo alilisikia hilo, likampita. Alifungua mlango kidogo, mnyororo wa usalama ukiwa umekaza, akamtazama mkewe kwa uwazi mwembamba kama muuza duka anayemwona mteja asiyemtaka.

"Ufunguo wako ni mzima. Diski zangu ziko wapi?"

Mke aliuhamisha mfuko wa sokoni kutoka mkono huu kwenda ule. "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo kuna la kuambiwa! Nimeusoma ujumbe wa kaka yako. Mmeziuza kwa nani, nyinyi wawili?"

"Tumeziuza?" Mke alikitazama kitasa, kinang'aa, na vumbi la mbao bado liko chini yake. Ndipo akaelewa kwamba ufunguo wake haukuharibika. Uso wake ulibadilika, na Komeo aliuona ukibadilika. "Nifungulie," alisema kwa sauti ndogo. "Nifungulie nikuonyeshe, majirani wasipate cha kusema."

Akamfungulia. Mke aliweka mfuko chini, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la chuma, akalishika pembeni na kulivuta. Miguu yake ikakwaruza sakafu. Nyuma ya kabati hapakuwa na chuma. Palikuwa na kipande cha mbao nyembamba, maana fundi mwenyewe aliona kwamba upande unaotazama ukuta hauna haja ya gharama. Skrubu zake zilikuwa mpya.

"Ulipokwenda kufunga vitasa kwenye ile hosteli, wakati wa mvua," mke alisema, "bomba la ukutani lilipasuka. Nimetoka kazini nakuta maji yanatoka chini ya kabati lako. Funguo umeondoka nazo. Nikamwita kaka, tukafungua hapa nyuma. Diski zilikuwa zimelowa na tope la ukuta. Nikazisafisha moja moja, nikazianika juu ya bati la uani zikauke upesi. Mvua ilikuwa imekatika, jua likawa kali, nami sikujua kwamba joto linapinda diski. Zilipinda. Kwa macho huoni, lakini zimepinda. Ni kosa langu. Hazijauzwa, ni zilezile unazoingiza kila siku."

"Na ninazocheza?"

"Za mtandaoni. Kaka anasubiri bei zishuke, ananipigia, nalipa. Anakuja ukiwa kibandani, anaziweka, anahamisha na pale ulipofikia. Kila gemu unayosema utaicheza, tunakimbizana kuitafuta kabla hujakaa kwenye kiti."

Komeo aliketi. Kumbe tangu mvua zile alikuwa akibishana mezani juu ya diski anazozishika mkononi, halafu anakwenda kucheza zilizoko hewani. Alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia bomba limepasuka, ungeuliza nani kalipasua. Ningekwambia nimezianika, ungeuliza nimekufanyia nini mpaka unilipize kisasi." Alimsogelea. "Niambie ukweli. Ungeniamini?"

Alifungua mdomo. "Ndiyo" lilikuwa neno fupi tu, lakini alijua kwamba akilitoa litakuwa uongo, na mkewe alijua hivyohivyo. Akauliza alichoweza kuuliza.

"Akaunti ni ya nani?"

Mke alimtazama kama mtu asiyeamini masikio yake. "Yangu. Jina langu, paswedi yangu. Ndiyo, mume wangu, umekuwa ukicheza kwa ruhusa yangu muda wote huu. Ile siku uliyoniuliza mbele ya dada zangu nani kahamisha miwani yako, nililia jikoni. Ningeweza kubonyeza mahali pamoja, ukabaki na diski zako zilizopinda. Nina hasira kama watu wengine. Sikukufungia hata siku moja." Akakinyooshea kidole kitasa kipya. "Wewe umenifungia kwa ujumbe mmoja wa simu."

Aibu ilimshika Komeo kuanzia shingoni. Alisimama, akababaika, mikono yake ikatafuta kazi kwa sababu mdomo haukuwa nayo. Akachomoa ule ufunguo kiunoni. "Nakwenda kuchonga wako sasa hivi," alisema. "Sichelewi. Nisamehe, mama. Nakwenda na kurudi."

"Chonga," mke alisema, akiinama kuokota mfuko wake. "Ukishachonga kaa nao. Mimi nitagonga."

Akadhani ni hasira za siku hiyo. Aliuchonga ufunguo kwa uangalifu kuliko wowote aliowahi kuchonga, akausugua mpaka ukateleza, akauweka mezani mbele ya mkewe, na asubuhi akaukuta palepale. Akautia kwenye mkoba wa kazini wa mkewe. Ukarudi mezani. Mke hakununa, wala hakuhama. Aliendelea kupika, kuongea, hata kununua ile gemu ya vita, safari hii bila kuficha. Lakini kila jioni alisimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mzigo mkononi, akagonga na kusubiri kama mgeni. Na Komeo, popote lori lake lilipokuwa, aliliacha katikati ya barabara na kukimbilia mlangoni.